Suti ya Marehemu Wote

Juzi nilikwenda duka la steshenari kuvisha plastiki cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Dada wa dukani akawasha mashine, tukasubiri ipate moto, na ile harufu ya plastiki ilipoanza kutoka, tamu kidogo na yenye kukwaruza koo, nikajikuta nimeshika bega langu la kushoto. Mimi si mtu wa kuona mauzauza, ndugu msomaji. Nalala taa imezimwa, na makaburini napita bila kukimbia. Lakini harufu hiyo inanirudisha Maili Moja, kwenye studio ya picha ya Anko Zuberi, nikiwa darasa la pili, siku tulipokwenda kupiga picha na baba yangu aliyefariki kabla sijazaliwa.

Baba aliitwa Elia. Alikuwa utingo wa lori, mzaliwa wa Chole, Kisarawe ndani kabisa, na ajali ilimchukua wakati mimba yangu ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Walikuwa hawajafunga ndoa. Mama, mtu wa Singida aliyeletwa Kibaha na kazi ya ualimu, alikwenda msibani Chole na tumbo lake, na ukoo wa baba ukamwambia, tena kwa sauti ya upole, kwamba haumfahamu. Akarudi Misugusugu, kwake Kibaha, siku hiyohiyo. Nikazaliwa, nikakua, nikawa na jina la baba juu ya madaftari yangu, lakini hakuna mtu hata mmoja wa upande wake aliyewahi kuniita mjukuu au mpwa. Mama alitaka hilo liishe. Alitaka mama mzazi wa Elia anipokee, basi akaamua kumpelekea picha.

Tatizo ni kwamba baba aliacha picha moja tu, ile ndogo ya pasipoti, uso na mabega, nyuma yake pazia la bluu. Siku hizo mafundi wa picha walikuwa wameanza kununua kompyuta, na sifa ya Anko Zuberi ilikuwa imeenea mpaka kwetu: mlete ndugu yako yeyote, hata aliyekwisha kuzikwa, atamsimamisha pamoja nanyi. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno. Kompyuta yake ilikaa kwenye kona yenye giza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya mtu mwenye heshima zake. Akampanga Mama upande mmoja, mimi upande wa pili.

"Acheni nafasi katikati," akasema.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya mzee."

Nikatabasamu mbele ya kamera huku ubavu wangu mmoja ukihisi ubaridi. Tulipomaliza, Mama akamwinamia fundi. "Na mkono wake uwe begani kwa mtoto," akamwambia. Anko Zuberi akasema mkono una kazi kubwa, mwalimu, bora asimame tu. Mama akasema anajua, lakini mkono uwepo.

Picha ilipokuwa tayari, ikiwa bado ina uvuguvugu wa mashine ya plastiki, nilimwona baba kwa mara ya kwanza akiwa mzima kuanzia kichwani hadi viatuni. Alisimama kati yetu ndani ya suti nyeusi, na nyuma yetu zilipanda ngazi za marumaru za jumba ambalo hakuna mtu wa Kibaha aliyewahi kuliona. Kiwiliwili chake kilinigeukia kidogo, ila uso ulitazama mbele moja kwa moja, kama mtu aliyeambiwa asipepese macho. Kuzunguka masikio palibaki uzi mwembamba wa bluu. Na mkono wake ulikuwa begani mwangu, vidole vimenyooka isipokuwa kile cha mwisho, ambacho kilipinda kuingia ndani kama kilichovunjika zamani kikaunga vibaya.

Mama aliitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mchana nilikuwa natangulia kurudi kutoka shule, na nyumba ikawa yetu wawili, mimi na baba. Nilimwamkia. Nilimwonyesha madaftari, hata yale ya hesabu ambayo kwa kweli hayakufaa kuonyeshwa mtu. Halafu nilimpa mgongo, nikafumba macho, nikangoja bega langu lihisi kitu. Siku nyingine lilihisi. Hapo nilitoka mbio mpaka barabarani, nikasimama kwenye magunia ya wauza mkaa, na kesho yake nikarudia tena, kwa sababu hofu ile niliipenda. Ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho na baba.

Rehema alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Siku moja alinikaribisha kwao tunywe uji. Nikainua kikombe, macho yakaenda ukutani, na pale ukutani alikuwepo babu mwenye ndevu nyeupe na kofia, amesimama nyuma ya mama yake Rehema. Amevaa suti nyeusi. Kiwiliwili kimegeuka kidogo. Mkono uko begani kwa mama yake Rehema, na kidole cha mwisho kimepinda kuingia ndani.

Nikakiweka kikombe chini polepole. "Huyo ni nani?"

"Babu yangu. Alishafariki," Rehema akasema. "Mbona hunywi?"

Wiki chache baadaye Mama alinipeleka kusukwa. Kwenye saluni, kati ya bango la mitindo na kalenda, kulikuwa na picha ya kaka yake msusi, kijana mwenye cheni shingoni, naye ni marehemu. Suti ileile. Mkono uleule, safari hii uko begani kwa msusi mwenyewe. Nilisukwa kichwa kizima bila kulalamika maumivu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na msusi akanisifu kwamba nimekua.

Nilikuwa sijakua. Nilikuwa nawaza. Akili ya mtoto haikai na kitu bila kukitafutia maelezo, na mimi niliyapata yangu: watu wakifa wanapewa mwili mmoja, nao wanapokezana, kama sisi shuleni tulivyopokezana mpira mmoja wa netiboli. Kilichonikosesha raha ni upande wa pili wa jambo hilo. Kama leo mwili uko kwa babu yake Rehema, baba yangu amebaki na nini? Nikirudi nyumbani nilimtazama usoni nione kama amechoka kungoja zamu.

Nikamwuliza Mama, akiwa ameketi uani anachambua mchele. "Mama, waliokufa wana suti moja?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona kwa kina Rehema. Na mkono wa baba nimeuona hukohuko."

Mama aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshakuwa safi. "Suti nyeusi zinafanana," akasema. Kuhusu mkono hakusema kitu, na kimya chake kilinitisha kuliko picha.

Shule zilipofungwa Desemba tukaenda Chole. Mama aliiviringisha picha ndani ya kanga mpya akaipakata njia nzima. Nyumba ya Bibi ilikuwa mbele ya mikorosho, na Bibi mwenyewe alikuwa barazani anamenya mihogo. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Hata hivyo akatusogezea mkeka, maana kumkalisha mgeni chini kwenye vumbi asingeweza, hata mgeni asiyemtaka.

"Nimemleta mtoto wa Elia, mama," Mama akasema. "Na picha yao." Akaifungua, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hata mimi nilijua kwamba hapa ndipo tulipokuwa tunakuja miaka yote, na kwamba Bibi akitikisa kichwa tutarudi tulikotoka na hatutakuja tena.

Bibi alifuta mikono kwenye kanga yake. Akaipeleka picha mbali, akaileta karibu. Akakaa nayo muda mrefu.

"Uso ni wa mwanangu," akasema. "Mkono huu wa nani?"

Mama akaanza kuikunja ile kanga mpya.

"Nakuuliza wewe binti. Elia nimemzaa mimi, mikono yake nimeiosha mimi. Huu si wake. Umeniletea mtu gani ndani ya nyumba yangu?"

Niliona Mama ameinamisha kichwa, nikajua tunafukuzwa. Nikasema lile nililokuwa nalo. "Bibi, huo ni mkono wa marehemu wote. Hata babu yake Rehema anao. Na kaka yake dada wa saluni. Suti pia. Nadhani wanapokezana."

Kisu cha mihogo kikawekwa chini. Hapo ndipo Bibi aliponitazama kwa mara ya kwanza, na hakucheka. Akaiangalia tena picha, safari hii kwa kuikwepa kidogo, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka. Kuku waliokuwa wakidonoa maganda wakasogea mbali, au labda ni mimi niliyetaka wasogee.

"Elia hapokezani mkono na watu," akasema. "Alikuwa na wake."

Akanivuta. Akaukamata mkono wangu, nikaukunja ngumi kama nilivyozoea, kwa sababu nina dole gumba fupi, pana, lenye ukucha bapa, na shuleni walikuwa wananicheka wakiliita kijiko. Bibi akanikunjua vidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye gumba akaacha. Akaliweka la kwake kando ya langu. La kwake lilikuwa limepasuka kwa jembe na lina utomvu wa mihogo, lakini lilikuwa ni hilohilo, fupi, pana, na ukucha bapa.

"Huu hapa," akasema, si kwangu wala kwa Mama. Kisha akauliza, "Umekula, mjukuu wangu?"

Mama alilia palepale bila kujificha. Tulikaa Chole mpaka sikukuu zikapita, nikalishwa mihogo ya nazi kama niliyedaiwa kunenepa. Picha muda wote ilikuwa ndani, juu ya kabati, imelazwa kifudifudi, na hakuna aliyethubutu kuigeuza. Tulipoaga, Bibi akaturudishia. "Mwambieni huyo fundi auondoe mkono. Mwanangu nitamtundika. Mgeni simtaki."

Basi tukarudi kwa Anko Zuberi. Alisikiliza, akaondoa kitambaa cha kufuma, akawasha kompyuta. Ili aufikie mkono ilibidi aipangue picha, na mimi nilikuwa nimesimama karibu mno. Kwanza niliondoka mimi. Kisha akaondoka Mama. Kisha uso wa baba ukatoweka, na zile ngazi za marumaru nazo zikapotea. Ikabaki suti nyeusi peke yake katikati ya weupe, haina kichwa, imenyoosha mkono mbele, mkono umetulia hewani pasipo bega la mtu. Nikashika gauni la Mama. Nilitazama kile kidole kilichopinda, nikashusha macho kukikwepa, na kidole kilekile kilikuwa juu ya mausi ya kompyuta, kwenye mkono uliokuwa unabonyeza.

Nikatazama juu. Nikatazama chini.

"Anko," nikamwuliza, "kumbe wewe ni marehemu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Bado," akasema. Akaeleza kwamba watu wengi wanamletea uso tu, na uso hauwezi kuning'inia. Siku moja aliazima suti ya harusi, akajipiga picha mwenyewe, na tangu hapo kila asiye na mwili anampa wake. Kisha kicheko kikamwisha. Akamgeukia Mama, akasema kwa sauti ya chini, "Ila siku hizi, mwalimu, nikialikwa kwa watu naomba nikae nje. Sipendi kuingia sebuleni."

Akaendelea kubonyeza, na mkono ukafutika. Pale begani mwangu akaziba na kipande cha weupe wa gauni langu, kikawa cheupe kidogo kuliko gauni lenyewe. Bibi aliitundika picha hiyo mpaka alipofariki, na alipofariki jina langu lilisomwa kati ya majina ya wajukuu.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alikosea kwa kung'ang'ania mkono ule, na kwamba gumba langu ndilo lililotuokoa kwa bahati tu. Nilimwonea huruma kwa kosa lile. Mwaka jana, nilipomtembelea Misugusugu, amestaafu na goti linamsumbua, nikamwambia hivyo. Mama akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake.

"Mimi nilikuwa siijui mikono ya Elia?" akauliza.

Nikamfikiria mjane ambaye hata ujane wake haukukubalika, akiishi mwaka mzima chini ya mkono wa mwanaume asiyemjua, akijua mwanawe anauamkia kila siku, akiulizwa juu yake na kunyamaza. Alikuwa anautunza kwa ajili ya macho ya mwanamke mmoja tu. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Nilitaka aukasirikie, autafute ule wa mwanawe," Mama akasema. "Ningempelekea picha isiyo na mkono, angeitazama, angesema asante, na jioni tungekuwa tumesharudi Kibaha."