Damu Niliyomficha Mkalimani

Mdogo wangu Neema, sina mvi, lakini unaingia umri niliokuwa nao nilipokaribia kufa, na kuna jambo siwezi kukuambia usoni.

Nakumbuka asubuhi ile kwenye kituo cha afya kama naiona. Damu ya mwezi ilikuwa inanitoka wiki nzima, haipungui. Kitambaa kilikuwa kinalowa hata kabla sijafika shuleni, na nikisimama dunia inazunguka. Nilijua kabisa cha kusema. Lakini nesi ni Munyankore, mwenyeji wa huku Uganda, hasikii Kiswahili chetu, na mkalimani aliyekaa kati yetu alikuwa Papa Eliya, huyu huyu anayetufundisha kwaya hapa kambini Rubondo. Ningeimba vipi mbele yake Jumapili? Nikasema, "Kichwa kinauma."

Nikapewa dawa za kichwa, nikazimeza. Damu ikaendelea. Nikilala naogopa kutoamka.

Mwishowe nilianguka penye pampu ya maji. Koko, bibi yetu, aliona sketi yangu akaelewa.

"Kule ulisema nini?"

"Kichwa, Koko."

"Kichwa njo kinatokaka damu? Sikia, weye. Haya habaizikake. Banazika mutu."

Alimaanisha aibu haizikwi, anayezikwa ni mtu. Akanirudisha kituoni kwa pikipiki, akamwambia Papa Eliya bila kupepesa macho kwamba mtoto anatokwa na damu nyingi ya mwezi. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye hakucheka wala kushtuka.

"Mama, niko na mabinti batatu nyumbani," akasema, akaenda kumwita mwanamke wa kutafsiri. Kumbe alikuwepo siku zote. Ni kuomba tu.

Damu ilikuwa imepungua sana mwilini. Gari la wagonjwa likanipeleka hospitali ya Mbarara, nikaongezewa damu. Njia nzima Koko aliomba kwa sauti inayotetemeka, yeye asiyeogopaga kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio kilibaki kidogo tu kifike. Basi, mdogo wangu, ikikujia nyingi ikalowesha kitambaa kila saa, au ikapita wiki, au ukasikia kizunguzungu, usingoje. Sema ni damu. Ukiona haya, omba mwanamke. Asipopatikana, sema hivyo hivyo, hata kama ni mwalimu wa kwaya. Na usimeze kidonge cha ugonjwa usio wako. Haya bado ninayo, nakuapia, lakini mimi niko hai nayo.

Mungu akupe damu ya kukutosha na mdomo usioogopa kusema. Amina.