Ini la Mama, Mwezi wa Tatu

Kwa wiki nyingi tulimtibu mama yangu ini, kumbe shida ilikuwa mapafu. Msituone wajinga. Tulifuata karatasi, na karatasi ilikuwa na michoro ya rangi.

Karatasi yenyewe aliileta mume wangu kutoka kazini. Yeye ni mlinzi kwenye jengo la bidhaa za Wachina pale Doornfontein, na ghorofani mna daktari wa kike wa Kichina, mtu mzima, anayetibu kwa mizizi, majani na sindano nyembamba. Mume wangu ni mtu wa Uvira, mpole sana, na ana udhaifu mmoja tu: kitu chochote chenye duara na mishale anakiamini. Karatasi ile ilikuwa na duara kubwa na mishale kila upande.

Mama alitufikia hapa Bertrams, kusini kabisa mwa bara, mwezi wa tatu, akitoka Bujumbura, muda mfupi baada ya baba kufariki. Mazishi ya baba niliyahudhuria kwa simu, maana mwenye karatasi za ukimbizi akirudi kwao kuzika, huku alikokimbilia huenda asipokelewe tena. Basi tukamwita mama aje akae nasi. Alishuka kwenye basi na sanduku, mkoba wake wa kanisani na kikohozi. Kikohozi kikavu, kifupi, cha kutwa nzima. Kliniki walimpiga picha ya kifua, wakapima makohozi, wakasema kifua ni safi. Dawa ya maji alikunywa chupa baada ya chupa. Mimi niliogopa, tena niliogopa sana. Baba nilikuwa nimemzika kwa simu, na sasa mama alikuwa anapungua mbele ya macho yangu bila mtu kujua kwa nini.

Sasa, mama na mume wangu hawasemeshani moja kwa moja. Hawakugombana, ni heshima ya ukwe. Kwetu mkwe mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake, wala hali wala hanywi mbele yake. Waliotunga heshima hiyo walikuwa na nyumba zenye ua. Sisi tuna chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Kwa hiyo mume wangu hukaa upande wake wa pazia na sahani yake, na maneno yote hupitia kwangu, ingawa wote wawili wanasikia kila kitu.

"Mwambie mama kama kuna karatasi inaweza kumusaidia," alisema jioni ile kutoka nyuma ya pazia.

"Mwambie nimesikia," mama akajibu.

Mume wangu akasoma. Karatasi ilisema kuna vitu vitano, mti, moto, udongo, chuma na maji, na kila kimoja kina majira yake, kiungo chake mwilini, rangi yake, ladha yake na hali yake ya moyo.

"Majira matano?" mama akaniuliza. "Na mvua wameiweka wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kwetu kuna mvua na kuna kiangazi, basi, mtu anajua lini apande na lini aanike. Mama akataka kujua pia hiyo ni dini ya nani.

"Mwambie hii haiko dini," mume wangu akasema. "Iko duara."

Chini ya kila kitu waliandika miezi. Mume wangu akateremsha kidole mpaka mwezi wa tatu, mama alipofika na kikohozi, akakuta mti. Majira ya kuchipua, upepo, ini, rangi ya kijani, ladha ya uchachu, na hali ya moyo ni hasira. Mama akasema hajawahi kusikia ini likikohoa. Nyuma ya pazia akajibiwa kwamba ini likijaa hasira hupanda juu na kusukuma kifua, na kwamba mshale upo, anayetaka aje auone.

Tukaanza matibabu. Tulikula majani ya kijani matupu: lengalenga, sombe, spinachi, kabichi, kisha lengalenga tena. Ndimu ilikamuliwa kwenye kila kitu, hata kwenye maharage, ambayo hayakuwa yamemkosea mtu. Mimi nashona mapazia kwenye karakana moja hapo Doornfontein, nikaokota vipande vya kitambaa cha kijani, nikashona pazia jipya la kugawanya chumba. Mume wangu akatoa amri moja kubwa: mgonjwa asiudhiwe. Akitaka kufoka, afoke, maana hasira ikibaki ndani inaoza.

Mama alikuwa mwanamke wa kwaya, mtu wa kumeza maneno. Alipogundua kwamba hakuna wa kumjibu, alichanua. Televisheni ikazimwa. Wageni wa kanisani waliozoea kukaa mpaka chakula kiive wakaambiwa sala imetosha. Jirani wa korido, kijana wa Malawi mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake, alifuatwa mlangoni na kuelezwa kwa Kiswahili safi cha Buyenzi, mtaa wake kule Bujumbura, yale ambayo mama yake hakumfundisha. Hakuelewa neno, lakini alizima. Nikijaribu kumtuliza mama, ananyanyua kidole na kujigusa chini ya mbavu.

"Si mimi," anasema. "Ini hilo."

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Mama aliyekunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni maisha yake yote, hapa hakuigusa. Nilidhani ni maziwa ya huku. Nikawa namtengenezea maji moto ya ndimu, naweka kwenye chupa ya chai kabla ya kwenda kazini, yakae na joto. Kila nikirudi naikuta chupa nje, koridoni, karibu na pipa la taka. Naiingiza, naikuta nje tena. Siku moja yule kijana wa Malawi alinirudishia ikiwa imeoshwa, akashukuru sana kwa kinywaji, akasema tangu aanze kukitumia tumbo limetulia. Nikasema hasira ya ini hiyo, hata chupa inaichukia.

Na kikohozi? Kikohozi kilikuwa pale pale.

Mwishowe nilichoka, nikamwambia mume wangu tumwone daktari mwenyewe. Tukapanda ghorofani wote watatu. Yule mama wa Kichina ameuza blanketi miaka mingi hapa mjini kabla ya kufungua chumba chake, kwa hiyo anaongea Kizulu kuliko sisi. Alimwita mama "gogo", yaani bibi, akamshika vifundo vya mikono yote miwili kwa vidole vyake, akasikiliza mapigo, kisha akaomba aone ulimi.

Mama akanigeukia. "Mtu mzima kama mimi nimtolee mtu ulimi?"

Mume wangu aligeukia ukuta, akabaki anatazama duara kama lile la karatasi yake, limebandikwa kubwa zaidi. Mama akatoa ulimi haraka, akaurudisha. Daktari akauliza tumekuwa tukimpa nini. Nikaeleza mti, ini, kijani na ndimu, na mume wangu, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kutoa karatasi mfukoni.

Daktari aliisoma, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Eish," alisema. Karatasi ilichapwa kwao, akaeleza, na miezi ni ya kwao. Kwao mwezi wa tatu majani yanatoka. Akatuonyesha dirishani. Chini barabarani miti ilikuwa imebaki vijiti, na majani makavu yalikuwa yamejaa mtaroni. Tulikuwa tumeyapita kila siku, tena tunayakanyaga, na midomo yetu imepasuka kwa ukavu. Sisi tunaotoka penye mvua na kiangazi hatukujua kwamba majira yanaweza kugeuzwa juu chini kama shati.

"Huku ilikuwa chuma," daktari akasema. "Ukavu. Mapafu. Rangi nyeupe." Akamtazama mama. "Hali ya moyo ni huzuni. Nani amekufa?"

Mama akauliza amesemaje. Nikamtafsiria.

"Mwambie hakuna aliyekufa," mama akasema.

Nilishindwa kuligeuza hilo kwa Kizulu. Daktari hakungoja. Akasema chuma hukata mti, na huzuni ikipata njia ya kutoka, hasira nayo itapungua. Akaagiza mapeasi yapikwe na tangawizi, mgonjwa anywe supu yake ya moto kidogo kidogo, tukiweka kwenye chupa ya chai ndiyo vizuri.

Siku zilizofuata mama hakufoka. Alikaa tu kwenye kiti chake karibu na dirisha na kukohoa. Televisheni iliwashwa, hakusema. Spika ya jirani ilirudi, hakuinuka. Nyumba ilikuwa mbaya.

"Mwambie mama agombe kidogo," mume wangu akaniomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa.

"Mwambie nimesikia," mama akasema, lakini hakugomba.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamenya mapeasi, nikayapika na tangawizi, nikashusha chupa ya chai kutoka juu ya kabati.

"Usiweke humo," mama akasema.

Nikaanza kumweleza alivyosema daktari. Akanikatiza.

"Baba yako alitamani chai. Pale hospitali chai yao ilikuwa maji matupu, akasema nataka ya kwako, ya maziwa, na tangawizi. Nikamwambia nikitoka nitamwacha na nani. Akasema nenda, mimi niko tu. Nikaenda nyumbani, nikapika, nikatia kwenye chupa nyekundu kama hiyo. Narudi, nakuta kitanda kimetandikwa." Alikuwa anatazama mikono yake. "Hakuniaga. Alinituma, akaenda. Na mimi nimesimama pale na chupa. Watu wananipa pole, mimi nawaza hii chai nitaimwaga wapi. Ilikuwa bado ya moto."

Alisimulia mpaka mwisho bila kukohoa. Kisha akalia, kwa sauti, kama hakuwa amewahi kuimba kwaya wala kumeza neno, akimwita baba majina ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Nilimshika na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza nikiwa na mtu wa kulia naye.

Nyuma ya pazia la kijani mume wangu akapenga kamasi.

"Mwambie mama pole," akasema.

Mama akajifuta uso kwa kanga. Akaichukua chupa mkononi mwangu, akafungua kifuniko, akanusa ndani, akasema humu mnanuka ndimu. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kona ya jiko kutafuta maziwa.

"Mwambie nimesikia," alisema akiwa huko. "Na mwambie atoke hapo nyuma. Chai hii tutakunywa naye."