Kitabu cha Sumu Ambacho Sikukiandikia Kadi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya maktaba lilikuwa kumnyima mtu kitabu kwa sababu sikuwa nimekiandikia kadi. Nalitaja hapa juu kabisa kwa kuwa najijua: nikianzia mbali nitapata visingizio.

Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa wakulima wa Bashay, elimu yangu darasa la saba. Nilikuwa karani wa stoo katika hospitali moja ya Mbulu. Yalipoletwa maboksi ya vitabu vya tiba, nilikabidhiwa mimi kwa sababu tu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Hakuna aliyenifundisha kazi ya maktaba. Nilijifundisha kwa kijitabu cha mwongozo cha Kiingereza, kisicho na jalada, nikikisoma neno moja moja na kamusi pembeni. Humo nilielewa kwamba kila kitabu lazima kiandikwe kwenye rejista na kwenye kadi kabla ya kuazimishwa. Nililishika jambo hilo kama amri ya kanisani.

Kadi nilizikata kwenye maboksi ya dawa. Nikikosea herufi moja, naitupa, naanza upya. Kuna siku nilimaliza kadi tatu tu, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Vitabu vilikaa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni. Wauguzi walinitania kwamba nimebatizwa upya. Sikucheka. Niliogopa siku moja mtu mwenye elimu angefungua kabati lile na kugundua kwamba sijui ninachofanya.

Ndipo akaja mganga wa zahanati moja upande wa Dirma, mtu mzima mwenye mvi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amepanda lori la mashamba ya ngano ya serikali.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, kijana. Nimeambiwa una kitabu cha sumu.”

Kilikuwepo. Akanieleza shida yake. Vibarua wa mashambani walikuwa wakibeba nyumbani madebe matupu ya dawa ya kupulizia ngano, wake zao wanayasuuza na kuyatekea maji. Alikuwa ameona wagonjwa wawili wanaotoka jasho na mate, wanatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Aliwapa dawa za malaria. Walipona, lakini hakujua walipona kwa nini.

“Bado hakijapata kadi, mzee,” nikamwambia. “Njoo wiki ijayo.”

“Kadi ya nini? Mimi siendi nacho dansini.”

“Ndio utaratibu.”

“Basi nikifungue hapa hapa mbele yako. Ninakili kurasa mbili. Lori linaondoka saa nane.”

Nikasema haiwezekani. Akalitazama kabati, akautazama ufunguo shingoni mwangu.

“Unakificha kama binti anayesubiri kuposwa,” akasema, na akacheka yeye mwenyewe. Kisha akaondoka. Hakunikaripia. Mtu wa umri wa baba yangu alinibembeleza, nami nikamtazama akivuka uwanja, nikajisifu moyoni kwamba sikuyumba.

Ningeweza kuanza na kitabu chake jioni ile. Sikuanza nacho. Vitabu vya sumu vilikuwa rafu ya chini, nami nilikuwa nikishuka kutoka juu. Kuruka rafu kungeharibu mfululizo wa namba.

Siku ya sita lori lilisimama mbele ya wodi. Yule mganga alishuka nyuma, amemshika mwanamke kwapani pamoja na mumewe, kibarua wa mashambani. Mwanamke alikuwa amekufa njiani, lakini walimshusha taratibu kama mtu anayeweza kuumia. Mume aliendelea kumfunika miguu kwa kanga.

Daktari alimuuliza mganga maswali machache, kisha akataja dawa ambayo ingepaswa kuchomwa mapema.

“Hiyo ninayo,” mganga akasema. “Chupa nzima. Sikujua ni ya hili, wala sikujua kiasi.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu mkononi. Nilirudi stoo, nikafungua kabati. Ukurasa ulikuwa na kila kitu: jasho, mate, mboni ndogo, jina la dawa, kiasi chake. Nilihitaji dakika chache na kamusi kuuelewa. Yule mganga angehitaji muda mfupi zaidi.

Nilimfuata nje, nikampa kitabu. Nilisema pole, nikasema nisamehe, sikumbuki kipi kilitangulia. Alikipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu mwenye adabu.

“Kimeshapata kadi?” akauliza.

Hakuwa akinitania. Alitaka kujua kama ninaruhusiwa kukitoa.

Daktari aliniambia baadaye kwamba pengine mwanamke yule angekufa hata hivyo. Neno hilo, “pengine”, nimelibeba miaka minne, halinipi usingizi wala halinihukumu. Nimezinakili kurasa zile kwa Kiswahili, kwa mkono, nikazipeleka kwenye zahanati za karibu na mashamba. Katika moja, upande wa Getanuwas, nilizikuta zimebandikwa ukutani, safi, zinasomeka vizuri. Muuguzi akaniambia dawa yenyewe iliisha tangu masika. Nje ya mlango wake palikuwa na debe la maji ya kunywa, na maandishi ya dawa ya ngano hayajafutika. Wakati mwingine naona kwamba ninasambaza karatasi tu.

Yule mganga hajawahi kuja tena. Kitabu alikirudisha kwa mkono wa dereva wa lori, kimefungwa kwenye gazeti, hakina hata doa.

Kabati halina kufuli sasa. Kitabu kikiingia asubuhi, mtu anaweza kuondoka nacho mchana, na kadi naiandika baadaye, kwa mwandiko wowote utakaotoka.