Miwani ya Bodil

Kwa miaka arobaini Bodil Kjærgaard alisahau miwani yake nyumbani. Kwao Skive, mji wa Denmark, mtu akifanyiwa sherehe, jamaa humtungia wimbo wa kumtania, kila mgeni akapewa karatasi yake na ukumbi mzima ukaimba kwa kinanda. Karatasi zikifika, Bodil hupapasa mkoba, akasema, "Jamani, miwani!" kisha akachezesha midomo tu. Mpishi hodari yule, aliyelisha wazee sabini katika makao ya wazee kwa mapishi ya kichwani, hakuogopa kitu duniani ila maandishi.

Mjukuu wake Signe alipofika miaka tisa, shule ilisema kusoma kunamshinda. Bodil akafuatana naye kwa mwalimu.

"Mama, ubongo hauzaliwi ukiwa na mahali pa kusomea," mwalimu alimwambia. "Kusema huja kwenyewe. Kusoma, lazima jicho na sikio vitengenezewe njia ya kukutana. Kwa wengine njia hiyo huchelewa kufunguka, na akili wanazo tele. Mimi nitamfundisha sauti moja moja; nyumbani zirudieni pamoja, msiharakishe."

Bodil alilia njia nzima kwa furaha. Kumbe hata yeye mwenyewe hakuwa mjinga! Tangu siku hiyo, kila Signe akitoka shule, wawili hao walijifungia jikoni na kitabu, kidole chini ya neno, wala hawakumwambia mtu.

Ikaja sherehe ya Egon, kaka yake Bodil, kutimiza miaka sitini. Karatasi zikagawiwa. Signe akapapasa mfuko wa gauni.

"Jamani, miwani!"

Watu wakaangua kicheko, maana mtoto yule hakuwahi kuvaa miwani. Bodil hakucheka. Aliona aibu hadi kwenye mifupa: mtoto alikuwa amejifunza kujificha, na mwalimu wake ni yeye. Akafungua mkoba, akatoa miwani. Ilikuwamo siku zote.

"Kinanda kisubiri. Ubeti wa kwanza nausoma mimi."

"Wewe, dada?" Egon akaguna. "Leo tutakula mchuzi baridi."

"Mchuzi nimepika mimi. Utaliwa nikisema."

Akasimama, akasoma. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, kidole kikitambaa taratibu. Ulikuwa ubeti wa Egon kutumbukiza trekta katika bwawa la jirani, na alipoumaliza ukumbi ulicheka hadi Egon akafuta machozi. Bodil akakaa, mgongo umelowa jasho.

Signe akaivuta karatasi.

"Bibi, toa kidole chako. Wa pili ni wangu."