Tuta la Nyuma ya Jiko

Sokoni walimwita Asubuhi kwa sababu ya kelele zake. "Za asubuhi hii! Umande haujakauka!" Na kwa hilo hakudanganya. Jua lilimkuta shambani amekwisha kuinama, kisu mkononi, na saa moja alikuwa nyuma ya meza yake, mboga zimepangwa kwa mafungu.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo. Ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakwambia "afya". Wakati wa kiangazi alichota maji kisimani akamwagilia mchicha na bamia mpaka mabega yakalalamika. Wakati wa baridi kabichi zilifunga vizuri bila matata. Taabu yake ilikuwa nyanya za msimu wa mvua. Ukungu ukiingia, majani yanababuka kama yamemwagiwa maji ya moto, kwa hiyo alivaa bomba la dawa ya ukungu na wadudu mgongoni na kupiga kila wiki, mchicha nao ukipata. Karatasi ya chupa ilisema usichume mpaka zipite siku kumi na nne. Yeye alisubiri siku mbili. Nyanya ikiiva imeiva, alijiambia, na wenzake wote wanafanya hivyo hivyo.

Nyuma ya jiko kulikuwa na tuta moja ambalo bomba halikulifikia kamwe. Majani yake yalikuwa na matundu kama chekecheo, na nyanya zake zilikuwa ndogo, zenye makovu. Hizo ndizo alizokula yeye, mkewe na watoto. Hawakuwahi kukaa wakalizungumza jambo hilo. Kila mtu nyumbani alilijua, basi.

Mteja wake mmoja alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye kibanda mkabala na lango la soko. Mwaka huo mama yake alipasuliwa tumbo, na daktari akasema ale mboga kwa wingi. Kila siku fundi alikuja mezani. "Kaka, nichagulie za mgonjwa."

Naye alichagua kwa moyo wote, nyanya zisizo na doa na mchicha usio na tundu. "Chukua hizi, dada. Hata mdudu hajathubutu kuzigusa."

Jumapili moja, mvua zikielekea ukingoni, fundi alifika nyumbani kwao bila taarifa. Alileta shati alilomshonea Asubuhi, la rangi ya kijivu, vifungo vimekazwa vizuri. "La shukrani," alisema. "Mama sasa anakaa mwenyewe kitandani." Mke wa Asubuhi alifurahi mpaka akakataa mgeni aondoke mikono mitupu. Fundi akasogea kwenye nyanya za mbele, zilizoning'inia nyekundu.

"Aa, hizo achana nazo, wifi yangu," mke alisema kwa upole. "Hizo za sokoni, zimepigwa dawa jana. Njoo huku nyuma nikuchumie za kula."

Fundi alisimama. "Kwani mimi ninazonunua ni za nini?"

Mke akaziba mdomo kwa kiganja. Asubuhi alikuwa ameshikilia shati kifuani, akipima mabega. "Dada, unajua..." alianza.

"Mama yangu anakuombea dua kila akimaliza kula," fundi alisema. Hakupaza sauti. Aliwaaga na kuondoka bila hata jani moja.

"Nimekuponza," mke alisema.

"Hujaniponza. Umesema kweli."

Ungedhani kesho yake alibadilika. Hapana. Jumatatu alizichuma nyanya zile zile akazipeleka sokoni, maana zilikuwa zimeiva. Alipokuwa akizipanga alimwona fundi akipita mbele yake na kwenda meza ya tatu, kwa muuzaji ambaye Asubuhi alijua fika anapiga dawa kuliko yeye. Akaona nyanya zikiingia kwenye kikapu cha mgonjwa, akanyamaza. Kumwonya fundi kungekuwa kujitangaza mbele ya soko zima. Siku ya pili ikawa vile vile. Usiku wa siku zote mbili aligeuka ubavu huu na huu.

Siku ya tatu alivuka barabara. Kibandani walikuwamo wateja wawili, lakini alisema vivyo hivyo, macho yake kwenye vipande vya vitambaa sakafuni. "Dada, hata za yule si salama. Sote tunafanya hivyo."

Cherehani ikasimama. "Kwa hiyo unataka nirudi kwako?"

"Hapana. Nataka uchume nyuma ya jiko langu. Mpaka mama apone."

"Na hawa je?" Fundi alielekeza mkasi langoni, walikokuwa wakitoka watu na vikapu vyao.

Kuanzia siku hiyo Asubuhi alisubiri siku zote kumi na nne. Nyanya nyingi zikaozea shambani, na wenzake wakamcheka kwamba anauza meza tupu. Msimu uliofuata alipunguza nyanya za mvua, akaongeza za wakati wa baridi, ambazo ukungu hauzisumbui sana. Mboga zake, zikikaa siku hizo zote bila dawa, zikawa na matundu. Wateja wengine walizigeuza mara mbili wakaziacha.

Fundi alikuja kuchuma nyuma ya jiko mara mbili kwa wiki. Alimsalimu vizuri, "Za kazi, kaka?" lakini hakumwomba tena amchagulie kitu. Lile shati Asubuhi alilijaribu mara moja, akalivua.

Kisha siku moja bibi mmoja mwembamba alikuja mpaka mezani kwake, anatembea polepole, mkono tumboni. Alikuwa mama yake fundi. Binti yake hakuwa amemwambia lolote.

"Ndiwe wewe," bibi alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umenilisha, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Mama, mimi..."

"Marahaba. Usiseme kitu. Watu wema hawapendi kusifiwa."

Wateja waliokuwa karibu walitabasamu. Asubuhi alitazama ile mikono yenye mishipa iliyoushika wake, masikio yanamwaka moto, naye akamwacha bibi aendelee kushukuru.