Kadi ya Bundi

Nakumbuka siku moja ya msimu wa kahawa, hapa hapa Karatu, miaka ya sabini, nilipomwangamiza mtu kwa neno moja. Mwanangu, kaa vizuri usikie, sitaki kulirudia.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nachuma kahawa pamoja na mama kwenye shamba kubwa. Mama Mwajuma, mjane kutoka Singida, ndiye aliyetupikia chai wachumaji. Enzi hizo ndani ya pakiti ya majani ya chai mlikuwa na kadi ndogo yenye picha ya ndege. Zote alinipa mimi, maana aliona ninavyozipenda. Nilikuwa na korongo, kwezi, tai, na mchoraji alikuwa fundi kweli, unyoya mmoja mmoja unauona. Basi nikaringa nazo kambi nzima.

Siku hiyo alinipa bundi. Kwangu mimi alikuwa mzuri kuliko wote, lakini mama alipomwona alirudi nyuma.

"Katupe huko. Bundi halali nyumbani kwangu, hata awe wa karatasi."

Sikutupa. Vyumba vya kambi vilitenganishwa kwa mbao tu, nikaipenyeza kadi kwenye ufa, nikidhani itakaa humo mpaka mama asahau. Kumbe ilidondokea upande wa pili, kwa jirani yetu Mama Paskali, nyuma ya kitanda cha mtoto wake. Surua ilikuwa imeshaingia kambini, na wiki ile ile Paskali akafa. Walipotoa matandiko nje, wakaikuta kadi.

Hawakuuliza mara mbili. Kadi hutoka kwenye pakiti, na pakiti hufunguliwa na Mama Mwajuma, mwanamke asiye na mume wala ndugu pale. Wakamzunguka penye mafiga yake, wakimwita mchawi. Yeye akanigeukia mimi.

"Kadi zote nampa huyu. Theresia, waambie."

Nilimtazama mama, aliyeniamuru niitupe. Nilimtazama Mama Paskali, macho yamemvimba kwa kulia. Nikasema, "Hiyo sijawahi kuiona."

Wakamwaga chai yake, wakavunja mlango wake, na nyapara akamwambia aondoke ili kazi iendelee. Akajifunga khanga, akashika njia ya Makuyuni kwa miguu, mvua inanyesha. Bado ningeweza kumkimbilia. Nilichukua kikapu nikaenda kuchuma kahawa.

Baada ya miezi miwili alikuja mwanawe kutoka Singida. Mama yake hakuwa amefika nyumbani. Alipita chumba kwa chumba, na alipofika kwetu akanisalimia kwa adabu, akaniuliza, "Dada, mama yangu unamfahamu?" Nikamwambia simfahamu. Hakuna aliyemwona mama yule tena, na mimi nimezeeka, nakula, nalala. Najichukia kwa hilo.

Mwanangu, kuficha kadi lilikuwa kosa la kitoto, lingeniletea viboko viwili yakaisha. Ukiona mtu anabebeshwa lako, sema saa ile ile, hata sauti ikitetemeka, hata mbele ya mama yako mzazi. Usingoje ujasiri uje kwanza. Mimi niliungoja, haukuja.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akuepushe kuzeeka ukimtafuta mtu wa kumwomba radhi, usijue hata kaburi lake liko wapi. Amina.