Mume wa Bibi na Mzinga wa Studio

Habari ya msiba niliipata sokoni, nikichagua maharage: mama mwenye studio ya picha za watoto, pale jirani na stesheni yetu ya Tabora, amefariki na ameshazikwa. Iliniuma sana. Msomaji aliyelea mtoto mjini hapa bila shaka anaye ukutani kwake mtoto aliyevaa kofia ya dereva wa treni, au aliyejitwisha mzigo wa matambara kama wapagazi wa zamani, na nyuma yake pazia ambalo marehemu alilichora mwenyewe. Watoto walichagua wenyewe wawe nani, na hakuna aliyewaambia watulie. Hilo lilitukera wazazi. Sisi tulitaka mtoto aliyenyooka, yeye alimwacha aruke mpaka jasho limtoke, ndipo akainua kamera.

Mimi nilimpeleka mwanangu alipokuwa na miaka minne. Mama yangu, anayeishi Ipole, alikuwa anapoteza macho, na daktari alishatueleza kwamba hayatarudi. Mtoto ana jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo bibi yake humwita "mume wangu", kama bibi zetu wafanyavyo. Alimwona mara ya mwisho akiwa wa kubebwa, na sasa, mvua zikiwa zimekata barabara, aliomba nimtumie picha tu, amwone mumewe vizuri angali anaweza. Nilikuwa nimeshajaribu studio nyingine. Mtoto hakutulia, na picha zilitoka ukungu mtupu.

Nilimvalisha suti na tai. Marehemu, nilipokwisha kumweleza habari za bibi, alimtazama, akauliza huyo mume wa kwanza wa bibi alikuwa na kazi gani. Nikamjibu kwamba alikuwa mrina asali.

"Sasa hii tai ni ya nani, baba?" akaniuliza, na suti ikavuliwa pale pale.

Akamvika koti pana na wavu wa usoni, kisha akanituma uani nikalete mzinga wa gogo alioununua kwa ajili ya picha za namna hiyo. Nta ilikuwa bado imo ndani, maana aliipenda harufu yake na hakutaka kuikomba. Mtu wa mkoa huu anajua kwamba mzinga wenye nta ukiachwa nje ni nyumba inayongoja mpangaji. Nami, mtoto wa mrina asali, niliubeba kwa mikono yangu na kuuingiza ndani bila hata kuutegea sikio.

Joto la taa liliwaamsha wapangaji. Tulitoka mbio, na nakiri kwamba mimi nilikuwa mbele. Mwenye studio alinifuata, mwanangu kwapani na kamera mkononi, sikio lake limeshaumwa. Muuza chipsi wa jirani aliacha karai lake motoni akakimbilia ng'ambo ya barabara. Mtoto, salama ndani ya wavu wake, alipotuliwa chini akaona baba yake anavyopunga mikono, alicheka mpaka akakaa chini. Akaufunua wavu tulipokuwa tumeshafika mbali, bado anacheka, na hapo ndipo marehemu alipopiga picha.

Picha niliipeleka Ipole mwenyewe kwa pikipiki, nikafika nimejaa tope. Mama aliisogeza karibu na pua, akageukia mwanga wa mlangoni.

"Ndiye huyu," akasema. "Hata yule wa kwanza alikuwa anacheka wenzake wakikimbia nyuki."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Tangu siku ile nikizitazama picha za babu zetu, walivyokaza nyuso kana kwamba wanasubiri hukumu, nasikitika kwamba hatutajua kamwe walikuwa wanachekaje. Leo simu imo mkononi mwa kila mtu, na bado tunamfokea mtoto asimame wima, aweke mikono chini, atabasamu kwa amri. Ajabu ni kwamba mji wetu umekuzwa na watu wa mwendo, tangu misafara mpaka reli, na leo bajaji. Mtoto akitikisika kidogo tunamwona mtovu wa adabu.

Nilipokwenda kutoa pole, watoto wa majirani walikuwa wanakimbizana kati ya viti vya msiba. Mzee mmoja akataka kuwakemea, lakini binti wa marehemu akamwomba awaache. Binti huyo ndiye atakayeendelea na studio. Mapazia ya mama yake ameshayatoa yapigwe na jua.

Jioni nikampigia mama yangu simu Ipole. Siku hizi haoni kabisa, ingawa ile picha ingali kichwani pa kitanda chake na haruhusu iondolewe. Nilipomweleza habari za kifo alimwombea marehemu, kisha akauliza kama studio imefungwa. Nikamwambia binti yake anaifungua.

"Basi mpeleke mume wangu akapigwe nyingine," akasema. "Amekua sasa. Utakuja uniambie anachekaje."

Nitampeleka. Safari hii sitamvalisha tai, na sitamwambia atulie.